Waya wa Mita

Kwanza Lusinge alitumia spoku.
Spoku ya baiskeli, imenyooka kama amri,
kutoka kwenye mota mpaka ekseli ya nyuma.
Kwenye lami, pale mbele ya stesheni,
gari lilikwenda, na mimi nikapiga makofi:
bodi ya dumu la mafuta ya kula,
matairi aliyoyachonga kwenye ndala zangu
bila kuniomba.
Lakini nani Isevya ana lami mlangoni?

Kwetu ni mchanga. Mchanga na mizizi,
na mifereji iliyochimbwa na mvua za Machi
ambayo hakuna aliyerudi kuifukia.
Gurudumu likishuka shimoni ekseli inainama,
mota inabaki juu, imeshikilia msimamo wake,
na spoku katikati haijui imtii nani.
Ta!
Tatu zilikatika siku moja.
Ya nne iliruka ikampata kidoleni.

Mimi nauza spea za pikipiki.
Kilichochakaa nakijua kwa kukigusa.
Nikainama chini ya meza, nikavuta kopo la maziwa
ambalo wateja hawalijui,
nikatoa waya wa mita wa ile pikipiki nyekundu
aliyoiendesha Kapela kwa mkataba wa tajiri wa Urambo.
Tajiri alihesabu kilomita kila Jumamosi.
Kapela akauchomoa waya,
mshale ukalala kwenye sifuri
na yeye akalala Sikonge.
Hakujua kwamba mita ile
niliisoma mimi kuliko tajiri.

Tuliuvua gamba lake jeusi.
Ndani, nyuzi za chuma juu ya nyuzi za chuma,
tabaka limeelekea huku, tabaka limeelekea kule,
kama kichwa kilichoshikwa na wasusi wawili
wasiosalimiana.
Ukiupinda, unapinda.
Ukizungusha ncha hii, ile nayo inazunguka
hata kama katikati umejikunja kama alama ya kuuliza.

Tukakata shubiri moja.
Ncha tukazifunga kwa risasi ya moto zisifumuke,
tukaupaka grisi, tukauvisha mrija wa dripu
alioupata kwa shangazi yake wa Kitete
(sikuuliza zaidi).
Jioni gari likaupanda mzizi wa mkrismasi:
gurudumu moja mbinguni, jingine kaburini,
na waya, umepinda mgongo,
ukaendelea kuliambia gurudumu neno lilelile.
Watoto wa jirani wakanyamaza.
Kuwanyamazisha wale si kazi ndogo.

"Rudisha nyuma," nikamwambia.
Akabonyeza.
Waya ukavimba tumbo ndani ya mrija,
nyuzi zikaanza kuachana moja moja
kwa sauti ya mchele unaopepetwa,
na gari likasimama, mota ikilia peke yake.

Lusinge alitaka kulia pia, ana miaka kumi na mmoja.
Nikauchomoa, nikautazama karibu na taa.
Haukuwa umekosea.
Umesukwa kwa upande mmoja tu:
ukienda, unajikaza; ukirudi, unafumuka.
Na pikipiki, nikakumbuka,
haina gia ya kurudi nyuma.

Tulikata shubiri nyingine.
Kitufe cha kurudi amekibandika plasta.
Sasa akitaka kugeuza anazunguka mbali,
nyuma ya kibanda cha Nyamizi muuza asali,
anapita kwenye majivu, anatokea upande wa pili
kama mtu aliyepanga kupita huko.
Akigonga ukuta anatembea mpaka pale,
analiinua kwa mikono miwili, analielekeza upya.
Haoni aibu. Mimi ningeona.

Jana mteja aliulizia waya wa mita.
Nikamjibu umekwisha, ajaribu sokoni.
Usiku niliupima:
shubiri mbili, na vidole vitatu.