Chokaa Mlangoni

Lala ubavu wa kushoto, mzee Algot,
mkono chini ya kichwa.
Jeli nimeipasha viganjani; bado utashtuka,
kila mtu hushtuka.
Nje ni saa sita mchana na giza ni lile lile,
jua la Kiruna limekwenda likizo hadi Januari,
kwa hiyo sina pazia la kufunga.

Unasema hukuja kwa ajili ya moyo. Umekuja kwa ajili ya ngazi,
ngazi tisa za nyumba mpya mliyohamishiwa
mgodi ulipoanza kuila ardhi ya mtaa wa zamani.
Ulipofika ya saba dunia ikazima,
ukajikuta umeketi, koleo la theluji mapajani.
"Zimejengwa vibaya," unasema.
Naandika: amezimia akipanda.

Husemwa moyo wa mwenzio ni msitu wa giza.
Msitu huo mimi huuingia mara nane kwa siku,
kati ya ubavu na ubavu,
bila tochi, bila kisu,
kwa sauti tu, nyembamba mno hata mbwa haisikii.
Inakwenda, inagonga, inarudi.
Kinachorudi ndicho ninachokiamini.

Unacheka. Miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi
nanyi mlikuwa mkigonga:
mtaimbo juu, dari ya mwamba, sikio.
Ikilia kengele, ni nzima, ingieni.
Ikilia ngoma, kuna uwazi ndani yake, kimbieni.
"Basi kazi yetu ni moja," unasema,
na mimi nakuomba unyamaze,
toa pumzi, ishikilie hapo hapo.

Huu hapa.
Chumba cha kushoto, ukuta wake umenenepa
kama bega la mchukuzi.
Usiufurahie unene huo, mzee.
Hunenepa hivyo asukumaye kila siku
mlango usiotaka kufunguka.
Na mlango wenyewe, vali ya aota:
vijani vitatu, vilivyopaswa kupepesa kama kope,
vimeganda, vinang'aa weupe,
vimeshika chokaa kama birika la bibi yangu.
Tundu lililobaki, penseli ingepita kwa shida.

Nawasha Dopla. Chumba kinajaa upepo wako,
fyuu, fyuu,
baridi ya Januari kwenye tundu la ufunguo.
Mita nne na nukta sita kwa sekunde.

Sisemi kitu. Kazi yangu kupima;
kusema ni kwa daktari Hjördis, ghorofa ya pili.
Lakini umekwisha kuutazama uso wangu
kama ulivyokuwa ukitazama nyufa.
"Inalia ngoma?"
Nafuta jeli kifuani pako, polepole kuliko kawaida.
Mashine inavuma.
"Inalia," nasema,
na hilo sikuliandika popote.

*

Machi. Theluji inaumiza macho, hata ndani pazia nimelivuta.
Umerudi kutoka Umeå na kovu dogo kwenye nyonga,
ndogo kiasi cha kunionyesha mara mbili bila kuulizwa.
Waliipitisha vali mpya humo, imekunjwa kama mwavuli,
wakaifungua juu ya ile ya mawe.
Imeshonwa kwa ngozi ya ng'ombe.
"Niliomba ya kulungu wa kwetu," unasema,
"anayejua njia za theluji. Hawakuwa naye."

Lala ubavu wa kushoto. Toa pumzi.
Vijani vipya vinafunguka, vinafunga,
vinafunguka, havina habari na mimi.
Mita mbili tu kwa sekunde.
Pembeni pana uvujaji mdogo, uzi mwekundu,
wa kuandikwa na kuachwa.
Ukuta bado mnene; mazoea ya miaka
hayatoki kwa wiki sita.

Unaniomba niongeze sauti.
Naongeza.
Unafumba macho, mdomo wazi kidogo,
kidole kimoja kinagonga ukingo wa kitanda.
Muda mrefu. Mgonjwa wa saa nne anakohoa mlangoni.

"Ngazi?" nauliza.
"Ah," unasema, ukitafuta vifungo vya shati,
"zile wamezirekebisha."