Goti la Nani

Daftari limefungwa kwa ugwe msumarini, juu ya jiko,
lisije likaondoka na mtu.
Jalada limeungua pembe moja;
kurasa zanuka moshi, jibini na soksi.
Hapa Tusheti, chini ya pito la mwisho,
wageni hawaulizani kabila wala kazi.
Huulizana: umetokea upande gani?
Na theluji je?

Wa kwanza mwaka huu alitumia penseli butu:
"Juni ishirini na tatu. Kaskazini bado kweupe.
Alfajiri theluji ngumu kama sahani, adhuhuri ni uji.
Anayevuka na avuke jua halijamwona."
Akafuata mwingine:
"Zizi la mawe lina mbwa watano. Usikimbie.
Keti chini, kama mtu aliyechoshwa na dunia.
Watakunusa, watakudharau, watakwenda zao."
Nimejaribu. Ni kweli,
ingawa ile dharau ilinikaa siku mbili.

Kijana wa Tbilisi, chupa ya maji mkononi, mgongoni hana kitu:
"Hadi kijijini ni saa tatu tu."
Na chini yake, mwandiko unaoyumba:
"Saa saba. Hilo 'tu' lako nimelibeba kutwa.
Hema lilikuwa jepesi."

Imeda anafuga farasi.
Akisimama mlangoni, chumba huingia usiku.
Julai kumi aliandika, kwa ufupi wa watu warefu:
"Mtoni, maji ya magoti."
Hakusema uongo. Niliiona suruali yake:
imelowa hadi gotini, juu kavu kabisa.

Siku ya pili akaja Tsitsino,
mwalimu wa hesabu kutoka Telavi,
kichwa chake kikinifika begani, nami si mrefu,
na mwanawe Bachana, miaka minane, mwenye kofia ya sufi.
Alisoma. Akasoma tena. Akakunywa chai bila haraka.
Walipotoka jua lilikuwa limekwisha panda,
na barafu ya juu imeanza kulia.

Mimi nilikuwa nakanda unga.
Niliwaona wakikaza kamba za viatu.
Sikufungua kinywa:
daftari lilikwisha sema.

Maji yalimfika kifuani.
Mtoto shingoni, kamshika nywele kwa mikono miwili;
fimbo ikaenda, kiatu kimoja kikaenda,
na mto ukaendelea na shughuli zake.
Walirudi jioni, yeye mguu mmoja kaufunga kwa fulana.
Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.
Aliomba kalamu,
akaandika chini ya mstari wa Imeda maneno matatu:
"Goti la nani?"

Agosti Imeda alipita na farasi wanne.
Alisoma kasimama, kisha akaketi, akasoma tena.
Chai yake ikapoa ikaota utando.
Halafu akachomoa kisu, akauegemea mwimo wa mlango,
akachanja alama palipo goti lake.
"Njoo na wewe," akaniambia.
Alama yangu iko chini ya yake kwa kiganja kizima.

Sasa mwimo umejaa magoti.
Anayefika huinama, hupima, huchanja,
na daftari limejifunza kusema:
"Goti la Imeda; paja la mwenye nyumba;
mfupi asubiri alfajiri, au asubiri farasi."

Wiki jana posta ilileta bahasha kutoka Telavi.
Hamna barua. Uzi tu, wenye mafundo mawili:
lake, na la mtoto.
Nimeunyoosha kutoka sakafuni, nimechanja yote mawili.

Kesho nafunga. Theluji imeshika vilele,
panya wameanza kunizoea.
Nimeandika ukurasa wa mwisho:
"Daraja hakuna. Kuni ziko nyuma, upande mkavu.
Na alama ya chini kabisa mlangoni msiiamini sana:
mwenyewe anakua."