Mtungi Uliozibwa Mapema

Saa tunazihesabu tangu moto ulipomshika,
si tangu alipofikishwa kwetu Tbilisi.
Mwili haungoji gari la wagonjwa
lishuke milima ya Kakheti.

Shalva. Miaka hamsini na mmoja, kilo themanini na mbili.
Alikuwa akikeneka makapi ya zabibu nyuma ya nyumba
mtambo ukapasuka.
Uso, mikono, kifua, mgongo, miguu: asilimia sitini.
Tumbo halikuguswa.
Aproni ya ngozi, ya marehemu baba yake,
ilililinda, likabaki jeupe
kama mkate usioonja tanuri.

Mara nne, mara uzani, mara asilimia.
Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya chakula:
lita kumi na tisa na ushei,
nusu yake kabla saa nane hazijatimia.
Maji ya chumvi, tumeyapasha kidogo,
maana aliyeungua hutetemeka kwa baridi.
Nani angeamini.

Mishipa imekuwa chekeche.
Tunamimina, inavuja, tunamimina.
Kope zikavimba zikajifumba.
Pete tuliikata kwa koleo.
Na kufika alfajiri, mkojo wa kila saa:
arobaini,
ishirini na mbili,
tisa.
Daktari Lasha, kijana, macho mekundu,
akautazama mfuko akasema alivyofundishwa:
Ongeza.
Nikaongeza.
Maji ni uhai, nani wa kuyabishia?

Lakini kiganja changu kilikuwa juu ya tumbo lile jeupe
na lilikuwa gumu kama gurudumu la lori.
Mashine ya kupumua ikaanza kulalama:
inasukuma hewa chini,
kuna kitu kinasukuma juu.

Nikakilaza kitanda sawasawa.
Nikatia maji kidogo kwenye kibofu, kwa mrija,
nikangoja amalize kutoa pumzi, nikasoma:
kumi na saba.
Baadaye, ishirini na nne.
Tukapunguza dripu, tukanyonya tumbo kupitia puani,
tukamlegeza misuli kwa dawa.
Thelathini na moja.

Figo hazina kiu, Lasha. Zimekabwa.

Sikusema hivyo. Nilisema:
Tafadhali, mwite Mzevinar.

Mkewe, Natela, alikuwa ukumbini,
kucha bado zambarau kwa mavuno.
Nikatafuta maneno, nikayakosa, akanisaidia:
Mwaka tuliooana, baba mkwe aliziba mtungi mapema.
Divai changa bado inachemka, dada,
yataka pa kupumulia.
Usiku tukasikia ardhi inaguna.
Asubuhi, ufa. Udongo umekunywa kila kitu.
Akanyamaza. Kisha:
Ninyi ndio mliojaza?

Ndiyo, nikasema. Sisi.
Tusingejaza, angekufa jana.

Mzevinar alikuja nywele zikichuruzika,
hakuuliza la pili.
Kisu kikapita kutoka chini ya kidari hadi kinena,
kikafungua mahali pekee
ambapo moto ulikuwa umepaacha.
Matumbo yakainuka yenyewe, mazito, ya kung'aa,
na mashine, katikati ya malalamiko yake,
ikanyamaza.

Hatukulifunga.
Limefunikwa plastiki safi, na nyuma yake
naona utumbo ukisogea polepole,
ukiendelea na shughuli zake
kana kwamba sipo.

Natela aliruhusiwa dakika tano.
Hakutazama uso, hakuna uso wa kutazama.
Alitazama pale palipofunguliwa.
Hapa alikuwa mzima, alisema.
Nilijua jibu. Nilikwisha kulitoa ukumbini.
Sikulirudia.

Saa ya ishirini na sita.
Nimechuchumaa chini ya kitanda, tochi mdomoni,
nasoma mistari ya mfuko:
kumi na nane.
Si nyingi. Jana ningeiogopa.
Kalamu imekauka; naijaribu kwenye kiganja,
naipulizia, najaribu tena,
nisije nikaisahau
kabla sijaiandika.