Nusu Kibakuli

Kwetu, chai haijazwi.
Mgeni wa heshima humiminiwa nusu kibakuli
ili anyooshe mkono tena, na tena,
na mwenye nyumba apate sababu ya kuinuka.
Ukijaziwa hadi ukingoni, shika kofia yako:
umeambiwa njia ile pale.

Baba alimiminiwa robo.
Majirani walimsifu Mama, mke ajuaye kuenzi.
Hawakujua mikono ya Baba ilivyocheza
baada ya miaka kumi na tisa ya kiwanda cha klorini,
akirudi na zebaki kwenye pindo za suruali.
Mimi na Yersain tuliigonga kwa kidole sakafuni:
tone moja likawa saba, saba yakawa moja.
Tuliichunga kama mbuzi.

Kiwanda kilifungwa. Bwawa halikufungwa.

Leo nina koti jeupe na pipa la lita ishirini.
Ndani, bakteria wa kawaida, wa matopeni,
tuliowaazimia jeni za ndugu zao wa mbali
wanaoimudu sumu: huikuta zebaki ilikojificha,
huivua makali, huitoa kama mvuke,
na mkaa wetu, chini ya hema la plastiki, huudaka.
Mshahara wao ni molasi.

Mama aliuliza swali
ambalo wizara tatu ziliuliza kwa kurasa mia nne:
"Na wakimaliza, watakula nini?"
Nikamwambia tumewatega. Zebaki ikiisha,
jeni moja huamka ndani yao na kuwaua.
Akapuliza chai yake.
"Basi mmewaajiri kama walivyomwajiri baba yako."

Aprili barafu ilipasuka. Tukamimina.
Juni, sahani zangu zilijaa vidoa kama upele.
Agosti, vidoa vinane.
Septemba, sahani safi.
Timofei akapiga makofi;
mimi nilishika kalamu, sikuandika.
Sahani safi husema mawili kwa sauti moja:
kazi imekwisha, au wafanyakazi wamekwisha.
Majibu ya tope, wiki sita.

Jumapili Mama alikuja na birika lililoviringishwa shali.
Akakipita kibao cha USIVUE, akachuchumaa,
akamimina chai ya maziwa hadi ikatuna,
hadi ikamwagikia vidole vyake, na hakuvitoa.
Akakiweka kibakuli kwenye majani makavu, ukingoni.
Sikumuuliza anamfukuza nani:
zebaki, au hawa wadogo zangu,
au Baba,
ambaye miaka yote hii
amekuwa akinyoosha mkono.