Bahasha Mia na Arobaini

Meza yetu ya Pasua ina mguu mmoja mfupi;
nimeutegea kopo la rangi, mwandiko usitikisike.
"Si uchapishe tu," kaka anasema, "harusi ni Jumamosi ijayo."

Mashine haijui kwamba Mwalimu Elianasia
hupenda herufi E yenye mkia,
alivyotufundisha darasa la pili, kwa chaki na kwa fimbo.
Yake nimeivuta mkia hadi ukingoni.

Mama Aikande wa Kibosho
nimemchorea tawi kwa kahawa iliyopoa:
buni tatu, na jani moja lililotobolewa na wadudu.
Atacheka. Mbuni ni wake.

Fundi Lyatuu nimembandikia kipande cha kitenge
alichokikata upande
mwaka wa kipaimara changu. Sijasahau.

Umeme umekatika. Mama anakuja na kibatari:
"Umefika wapi?"

Nimefika kwa baba mdogo Aminieli.
Miaka sita ya mpaka wa kihamba.
Utepe? Utepe ni wa watu wanaosalimiana.
Jina lake nimeliandika mara mbili,
mara mbili wino umevuja.

Mama hasemi kitu. Anatoka uani, gizani,
nasikia kisu,
anarudi na jani la sale lenye umande,
analipiga fundo alilofundishwa na mama yake,
analilaza juu ya jina lililovuja.

"Hii usiigandishe gundi," anasema.
"Hii naipeleka mwenyewe.
Kwa miguu."