Tumbo la Gorogoro

Wasike alipiga mara tatu tu.
Mara ya kwanza bati lilikataa,
likalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
Ya pili likakunja uso.
Ya tatu kitako kikazama ndani, laini, kama kitovu cha mtoto,
nami nikalipa hamsini
nikarudi kwenye magunia yangu hapa Kibuye,
Jumapili, kipaza sauti cha kanisa kikikwaruza ng'ambo ya barabara.

Sikuanza mimi.
Shangazi Perpetua alinirithisha meza, turubai,
deni la mahindi ya Kitale, na onyo:
"Hapa kila gorogoro ina tumbo lake.
Wateja wanajua. Bei yenyewe inajua.
Ukipima kwa mkebe mzima
utafunga biashara kabla ya Krismasi."

Mwanangu Odera yuko Maseno, mwaka wa pili.
Amerudi likizo na maneno mapana kuliko kitanda chake.
"Mama, wajibu hauko huko nje kama jiwe la kujikwaa.
Ni makubaliano. Kibuye imekubaliana.
Bungoma nao wana yao."
Nikafurahi. Nani hapendi kusamehewa na mwanawe
kwa Kiswahili sanifu?

Lakini mkono wangu, Odera.
Kwa nini mkono huu, nikipima,
hugeuza kitako cha mkebe upande wa tumbo langu?
Kama wote wanajua, namficha nani?

Akacheka. "Aibu si ushahidi.
Hata mimba yangu uliificha miezi mitano,
na mimi si kosa."
Hapo alinishika.
Kweli nilimficha, chini ya leso mbili,
na sijawahi kufanya jambo sahihi kuliko kumzaa.
Basi mkono si hakimu.
Mkono hujifunza woga popote.

Juma lililopita nilikwenda Ahero kununua mchele.
Yule mama akainama, akachota, akaugeuza mkebe
upande wa tumbo lake.
Niliijua ishara ile kama sahihi yangu mwenyewe.
Na hasira iliyonipanda, jamani,
haikuuliza desturi za Ahero,
haikuuliza nani alikubaliana na nani.
Ilisema tu: hicho ni changu.
Nikafungua mdomo niitoe,
nikaiona gorogoro yangu imening'inia nyumbani kwenye msumari,
nikalipa,
nikanyamaza kama mwizi aliyeibiwa.

Usiku ule niliipindua juu ya meza ya jikoni
nikajaza lile bonde mahindi, nikalisawazisha kwa kiganja,
nikahesabu kwa tochi ya simu.
Punje mia mbili na kumi na moja.
Nikajaribu kuziona kuwa ni maoni.
Zikakataa. Zilikuwa mahindi.

Najua Odera angesema nini:
kuwepo kwa punje ni jambo moja, kudaiwa ni jingine,
na deni huandikwa na watu.
Labda. Mimi sikusoma huko.
Ila kuna Abwao, mtoto wa jirani,
hutumwa kwangu na sarafu zimelowa jasho mkononi,
hajui bei, hajui bonde,
na siku tulipokubaliana
yeye hakuwepo.

Humwongezea konzi moja.
Konzi hiyo huiita upendo, mbele ya watu, kwa sauti.
Nimehesabu bonde. Konzi sijaihesabu,
na sitaki mtu anisimamie nikiihesabu.

Wasike anasema kunyoosha nako ni hamsini.
"Nyundo ni ile ile, mama. Ni kupiga kutoka upande wa pili."
Noti ya hamsini iko kwenye fundo la leso tangu Jumanne.
Leo ni Jumapili, kipaza sauti kimeanza tena,
banda la Wasike liko hatua ishirini,
nami nimesimama, mkebe mkononi,
na mteja wa kwanza, hata salamu hajatoa,
anauliza: mbili ni ngapi?