Michoro Haiuzwi

Barua pepe imeingia usiku, kutoka Busan:
wanaitaka valvu ya Nabirye,
ile aliyoichonga Masese, nyuma ya kiwanda cha samaki,
pampu yao ilipokwama mara nne
kwenye tope la Kyoga.

Wanataja bei. Wanaomba michoro.

Nabirye anafuta grisi kwa gazeti la juzi,
anaandika kwa kidole kimoja:
Michoro haiuzwi. Tuunde pamoja,
hataza iwe na majina mawili, letu litangulie,
na Waiswa aje kwenu
ajue chuma chenu mnakiyeyushaje.

Anasita. Anaongeza:
mkija Jinja, leteni viatu vya matope.

Umeme unakatika kabla hajatuma.
Gizani anapapasa meza,
anaishika valvu.
Ingali na joto la tupa.